Mbawakawa, nzi wa ndizi, nyuki au nzige: tuanze na nani kujifunza dira ya ubongo?

Ubongo wa nzi mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva haufikii punje ya ulezi kwa ukubwa, lakini ndani yake kuna saketi ya neva inayofuatilia muda wote amegeukia upande gani. Akikata kushoto, saketi inajua. Ukizima taa, bado inajua kwa muda. Kabla ya 2015 jambo hili kwa nzi lilikuwa la kukisia. Sasa linaonekana kwa hadubini, na mimi nalihesabu kati ya habari nzuri kuliko zote za baiolojia ya wakati wetu.

Makala haya ni kwa wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaotaka kulifanyia kazi: klabu ya sayansi ya sekondari inayotafuta mradi, mwanachuo wa ualimu pale Mkwawa anayetaka somo la vitendo, kijana wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) anayetaka kuunda roboti ndogo inayojua mwelekeo wake. Wote huanza na swali moja: tumchukue mdudu gani? Nitawaweka wanne kando kwa kando na nitasema wazi ninayemchagua, kwa sababu mwenye muhula mmoja na mfuko mwembamba hawezi kuwachukua wote.

Wanachofanana

Wadudu wote hawa wana, katikati ya ubongo, eneo linaloitwa kompleksi ya kati. Ndani yake kuna daraja lililogawanyika vipande kutoka kushoto hadi kulia, kuna sehemu yenye umbo la upepeo, na chini yake kuna sehemu ambayo kwa nzi imejikunja ikawa pete kamili, wakati kwa nzige na nyuki imebaki ufito uliopinda kidogo. Mpangilio huu ni wa kale sana. Ukoo wa nzige na ukoo wa nzi ulitengana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, na bado seli zao za dira zimepangwa kwa namna inayofanana. Ukijifunza kwa mmoja, sehemu kubwa umejifunza kwa wote.

Tofauti iko kwenye swali ambalo kila mmoja anakuruhusu kuuliza. Kuna swali la uwanjani: mdudu anashika mwelekeo kwa kutumia nini, jua, mwanga wa anga, upepo au nyota? Hilo linajibiwa kwa macho, kioo cha kujitazamia na daftari. Na kuna swali la ndani ya kichwa: ni seli zipi zinazoushika mwelekeo huo, na zimeunganishwa vipi? Hilo linadai hadubini ambayo shule haiwezi hata kuiota. Kabla ya kuchagua mdudu, chagua swali. Nimeona miradi mizuri ikikwama kwa sababu mdudu alikuwa wa swali la pili na vifaa vilikuwa vya swali la kwanza.

Nzi wa ndizi: anajulikana ndani, haonekani nje

Huyu ni Drosophila melanogaster, si yule inzi mkubwa wa matunda anayetoboa maembe na kuwatia wakulima hasara. Kumpata ni rahisi. Acha kipande cha ndizi ya Tukuyu iliyoiva sana kwenye chupa iliyo wazi jikoni, na baada ya siku chache watakuja wenyewe.

Mwaka 2015 Johannes Seelig na Vivek Jayaraman, wa kituo cha utafiti cha Janelia huko Virginia, Marekani, walimshikilia nzi kichwa kisisogee, miguu yake ikakanyaga mpira mdogo unaoelea kwa hewa. Mbele yake waliweka skrini ya taa iliyopinda, ambayo picha yake ilizunguka kadiri nzi alivyojaribu kugeuka. Seli zake za dira zilikuwa na protini inayong'aa pale seli inapofanya kazi. Kwenye ile pete walikuta doa moja linalong'aa. Nzi akigeuka, doa lilizunguka pete kwa kumfuata. Skrini ilipozimwa, doa halikupotea. Liliendelea kuzunguka kwa kufuata mwendo wa mnyama mwenyewe, ingawa kadiri muda ulivyopita lilianza kupotoka.

Hapo ndipo watu huuliza: nani analisukuma doa? Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti, moja la Janelia na jingine la Gaby Maimon wa chuo cha Rockefeller, New York, yalitoa jibu. Seli zenye doa, ziitwazo E-PG, hupeleka habari kwenye daraja. Kule zinakutana na seli nyingine, P-EN, ambazo huirudisha habari hiyo kwenye pete, ila hazirudi pale pale zilipotoka. Zile za nusu moja ya daraja hurudi hatua moja mbele, za nusu nyingine hatua moja nyuma. Nzi anapogeuka upande mmoja, nusu moja ya daraja hupata nguvu kuliko nyingine, na doa linavutwa hatua kuelekea huko. Akigeukia upande wa pili, linarudi. Ni hesabu ya kujumlisha na kutoa inayofanywa na mpangilio wa nyuzi za neva tu, na kila ninapoifundisha naona darasa likikaa kimya kidogo kabla ya maswali kuanza.

Mwaka huo huo wenzao waliwasha seli za sehemu nyingine ya pete kwa kutumia mwanga, wakatengeneza doa jipya kwa nguvu. Doa la zamani lilizimika. Pete haikubali madoa mawili, maana seli jirani huchocheana na zile za mbali hunyamazishana. Mdudu hawezi kuamini kwamba amegeukia mashariki na magharibi kwa wakati mmoja.

Jambo jingine ambalo wanafunzi hulikosa: doa halina kaskazini. Nzi wawili mbele ya picha ile ile wanaweza kuwa na madoa yao sehemu tofauti za pete. Kinacholingana ni mwendo wa doa, si mahali linapoanzia. Habari kutoka machoni huja kwa seli zinazonyamazisha, na mwaka 2019 maabara ya Rachel Wilson pale Harvard na ile ya Jayaraman zilionyesha kwamba miunganiko ya seli hizo hubadilika nzi anapozoea mandhari mapya. Kila nzi anajichorea uhusiano wake kati ya anachokiona na pete yake.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Nzi wa kawaida huruka akiweka jua upande fulani, tuseme bega la kulia, na kulishika hapo. Mwaka 2018 maabara ya Michael Dickinson, California, iliwanyamazisha nzi zile seli za E-PG. Nzi hao waliendelea kuliona jua, ila walilielekea moja kwa moja. Kuliona jua walikuwa nako. Kulifanya dira hawakuwa nako tena. Mwanafunzi akishalielewa jaribio hilo, ameelewa saketi hii inafanya kazi gani.

Na ramani yenyewe ipo. Mwaka 2024 mradi wa FlyWire ulichapisha ramani ya ubongo mzima wa nzi jike aliyekomaa: seli za neva 139,255 na miunganiko zaidi ya milioni 50. Inatazamwa bure kwenye intaneti. Kompyuta ya shule yenye bando inatosha kuifungua, kutafuta E-PG, kuizungusha na kuona inamgusa nani.

Sasa upande mgumu. Doa hutaliona Mbeya. Hadubini inayolionyesha haimo kwenye bajeti ya shule yoyote. Nje ya maabara nzi ni mdogo mno kumfuatilia kwa macho. Kumfuga kuna adha yake ya hapa kwetu pia: kwenye joto la nyuzi 25 anatoka yai hadi nzi kamili kwa siku kama kumi, lakini kwenye nyuzi 18 muda huo unakaribia mara mbili, na vyumba vyetu vya Juni na Julai vinashuka hadi hapo na chini yake. Klabu iliyopanga vizazi vitatu kwa muhula mmoja inaweza kujikuta na kimoja na nusu.

Mbawakawa wa mavi: ninayemchagua

Anatua kwenye kinyesi kibichi, anakata donge, analiviringa, kisha analibingirisha kinyumenyume kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini. Na anakwenda moja kwa moja, mstari ulionyooka. Sababu ni wizi: palipo na mavi wapo wenzake ambao wangependa kumnyang'anya donge lililokwisha kutengenezwa, na njia fupi ya kuwakimbia ni kunyoosha.

Hapo ndipo ubora wake kwa mwalimu ulipo. Mbawakawa huyu hana nyumba anayorudi wala mahali maalumu pa kufika. Anahitaji mwelekeo mmoja, wowote ule, na anauhitaji kwa dakika chache. Dira yake unaiona peke yake, haijachanganyika na kumbukumbu ya njia wala saa ya mwili. Nyuki huwezi kumtenganisha hivyo.

Kabla ya kuondoka hupanda juu ya donge na kuzunguka huku na huku kama anayecheza. Basil el Jundi, Marie Dacke na wenzao wa chuo kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha mwaka 2016 kwamba katika mchezo huo anachukua taswira ya anga, kisha njiani analinganisha anachokiona na taswira aliyoihifadhi. Anachotumia kinategemea spishi na saa. Scarabaeus lamarcki, wa mchana, anategemea zaidi jua. Scarabaeus satyrus, wa usiku, anategemea polarisheni ya mwanga wa mwezi angani, yaani upande ambao mwanga huo hutetema zaidi. Mwaka 2015 watafiti walipima umeme wa seli za kompleksi ya kati za wote wawili wakakuta tofauti hiyo imo hadi ndani ya seli. Usiku usio na mwezi, satyrus anatumia Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokata anga. Kundi la Dacke lilithibitisha hilo mwaka 2013, pamoja na majaribio ndani ya jumba la nyota la Johannesburg, na katika kazi hiyo baadhi ya mbawakawa walivishwa vikofia vya karatasi ngumu wasione juu.

Sasa niseme kwa nini ni hapa kwetu hasa. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta, Iringa karibu nyuzi 8. Jua hupita wima juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari. Na kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Aprili, jua la adhuhuri la Mbeya hupanda juu ya nyuzi 75 kutoka upeo wa macho kila siku. Jua lililo utosini halionyeshi upande wowote. Simama uwanjani Mbeya mjini katikati ya Oktoba, saa sita na nusu mchana, utazame kivuli chako: hakipo. Dira ya jua inakufa kwa muda huo, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ndiyo ya mvua ambayo mbawakawa wanakuwa wengi.

Wanafanyaje? Mwaka 2019 Dacke na wenzake, wakifanya kazi Afrika Kusini na mbawakawa wa mchana, walionyesha kwamba jua likiwa chini au la wastani wanalifuata jua, na likipanda sana, kwenye nyuzi 75 hivi na zaidi, wanafuata upepo. Feni ikihamishiwa upande wa pili, nao wanageuka. Tena mwelekeo waliouanza kwa jua wanaweza kuuendeleza kwa upepo, maana yake alama hizo mbili zinaingia kwenye dira moja. Nzi naye ana njia ya upepo: mwaka 2020 maabara ya Wilson ilifuatilia habari ya upepo kutoka kwenye vipapasio hadi kwenye seli za pete. Mwanafunzi wa Mbarali aliyegeuza mbawakawa kwa feni anaweza kufungua ramani ya FlyWire jioni na kufuata njia ya aina hiyo ndani ya ubongo wa nzi. Watafiti wa nchi zenye jua la pembeni hawapati adhuhuri kama zetu. Tunazo miezi saba kila mwaka.

Jaribio lenyewe halina gharama ya kutisha. Safisha kiwanja cha mviringo, kipenyo mita mbili au tatu, kisiwe na nyasi wala mawe. Weka alama za nyuzi kuzunguka ukingo, ukianzia kaskazini kwa dira ya simu. Weka mbawakawa na donge lake katikati, andika anapotokea, mrudishe katikati, andika tena. Atatoka karibu na pale pale. Kisha mzuie jua kwa ubao, na mwenzako asimame upande wa pili na kioo amrushie mwanga wa jua kutoka huko. Wa mchana atageuka kabisa. Fanya hivyo saa tatu asubuhi, halafu saa sita na nusu. Ile ya pili fanya na feni, au mwombe mtu apunge kipande cha boksi kwa utulivu upande mmoja.

Hesabu yake ina mtego unaofaa kufundishwa. Akitoka mara moja kwenye nyuzi 350 na mara nyingine kwenye nyuzi 10, wastani wa kawaida utakupa 180, yaani upande wa pili kabisa wa kiwanja. Jibu sahihi ni sifuri. Chora kila mwendo kama mshale wa urefu uleule, unganisha mishale kichwa kwa mkia kwenye karatasi ya grafu, na mshale mrefu wa kutoka mwanzo hadi mwisho ndio wastani wako. Ukiwa mrefu, mdudu alikuwa na msimamo. Ukiwa mfupi, alikuwa anatangatanga. Na ubongo wa nzi nao hujumlisha mishale. Mwaka 2022 maabara ya Maimon na ile ya Wilson zilionyesha kwamba sehemu ile yenye umbo la upepeo hubeba mishale kama mawimbi ya seli, na kuyajumlisha ili nzi ajue anakwenda wapi hata anapoyumbishwa pembeni ya alikogeukia. Sijaona njia bora ya kumfundisha kidato cha tano vekta.

Adha zake ni za kweli. Kiangazi cha baridi huwapati. Kwenye uwanda wa Kitulo na milima ya Makete ni baridi mno kwa wabingirishaji. Teremka Usangu, au kwa watu wa Iringa teremka Isimani na Pawaga, mvua zikishaanza. Ongea na wafugaji kwanza, na uliza ng'ombe walipata lini dawa ya minyoo na waliogeshwa lini kwenye josho. Ivermektini na baadhi ya dawa za kupe hutoka na kinyesi na kuwadhuru mbawakawa na mabuu yao, kwa hiyo boma lililotoka kutibiwa laweza kukupa mavi mengi bila mdudu hata mmoja. Vaa glovu, nawa mikono kwa sabuni. Na usiwaze Hifadhi ya Ruaha kwa ajili ya mavi ya tembo, hata kama ni hapo jirani. Utafiti ndani ya hifadhi una vibali vyake, na boma la Mbarali linatosha.

Nyuki: kama tayari unaye

Nyuki anafanya zaidi ya kushika mwelekeo. Anajumlisha mwelekeo na umbali njia nzima, kisha anarudi mzingani kwa mstari ulionyooka na kuwaeleza wenzake. Karl von Frisch, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba katika mchezo wake juu ya sega, pembe kati ya mwendo wa kujitikisa na wima wa sega ni sawa na pembe kati ya chakula na jua. Na kwa kuwa jua huhama, nyuki anahitaji saa ya mwili ya kulisahihishia.

Hapa tropiki kuna ugumu wa ziada wa kuvutia. Jua letu la adhuhuri liko kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari liko kusini. Anayelitazama akilielekea ataliona likienda kushoto msimu mmoja na kulia msimu mwingine, na nyuki lazima ajifunze kanuni ya msimu wake. Martin Lindauer aliwachunguza nyuki wa Sri Lanka na kukuta kwamba jua likikaribia utosi kabisa michezo yao inaparaganyika au inasimama.

Kwa upande wa saketi, mwaka 2017 Stanley Heinze wa Lund, Barbara Webb wa Edinburgh na wenzao walipima seli za nyuki wa usiku wa Panama, Megalopta genalis. Walikuta seli za dira na seli za mwendo zikikutana kwenye kompleksi ya kati, wakaunda modeli ya namna safari nzima inavyoweza kuhifadhiwa pale. Hiyo ni kazi kubwa, lakini ni modeli. Ushahidi wa seli kwa seli kama wa nzi haujafika huko.

Ushauri wangu ni mfupi. Kama chuo au kikundi chenu cha Mufindi, Njombe au Chunya kina nyuki tayari na mtu anayewajua, tafuteni mzinga wa kioo na mpime michezo. Kama hamna, msianze. Nyuki wetu ni wakali, kioo kikipasuka darasani ni hatari kwa maisha, na pembe za mchezo zinadai uvumilivu au video ya simu iliyochukuliwa vizuri. Mwanafunzi wa kidato cha pili hapaswi kukutana na dira ya ubongo kwa mara ya kwanza akiwa amevaa neti.

Nzige, na neno moja juu ya siafu

Nzige ana heshima yake kwenye historia. Mwaka 2007 Stanley Heinze na Uwe Homberg, wa chuo kikuu cha Marburg, Ujerumani, walionyesha kwamba vipande vya lile daraja kwenye ubongo wa nzige wa jangwani vimepangwa kama ramani ya pembe za polarisheni angani: kipande kwa kipande, pembe kwa pembe. Ilikuwa miaka minane kabla ya doa la nzi. Ubongo wake ni mkubwa, elektrodi inaingia kwa urahisi zaidi, na ndiyo maana maabara zilizomthamini zilimthamini.

Sisi tuna sababu ya karibu ya kumfikiria. Bonde la Rukwa, hapo magharibi mwetu, ni moja ya maeneo yanayojulikana kimataifa kwa kuzaliana nzige wekundu, na wazee wa huko wanajua maana yake kwa shamba. Lakini kwa sababu hiyo hiyo simshauri mtu amfuge. Akitoroka si mradi tena. Ukikuta kundi, mpigie afisa ugani.

Unachoweza kuchukua kwa nzige ni polarisheni yenyewe, bila nzige. Vunja kikokotoo kilichokufa, ondoa utando wa mbele wa kioo chake, uangalie anga la bluu kupitia utando huo upande ulio pembe mraba na jua, huku unauzungusha. Anga litakoza na kufifia. Mwanga wa anga hutetema zaidi upande mmoja, na upande huo unabadilika anga nzima kwa mpangilio unaolizunguka jua, kwa hiyo hata wingu likilificha jua, kipande cha bluu kinatosha kusema jua liko wapi. Jicho la mdudu lina ukingo wa juu unaosoma hilo. Juni na Julai, anga letu likiwa safi na mbawakawa hawapo, hilo ndilo somo la kufanya.

Siafu hutajwa kila mara kwa sababu watoto wote wanawajua. Waacheni. Ni vipofu, wanafuata harufu iliyoachwa njiani, na mwelekeo wa angani hauwahusu. Chungu wanaosifiwa kwenye vitabu kwa dira zao ni Cataglyphis wa majangwa ya Tunisia.

Kwa hiyo, nani kwa nani

Klabu ya sekondari, na hasa inayotaka kupeleka kazi kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania: mbawakawa, bila kusita, na swali la jua la asubuhi dhidi ya jua la utosini. Ni swali la kwetu, linapimika, na majibu yake ni ya kwenu wenyewe. Anzeni kutafuta boma mwezi Oktoba ili Desemba iwakute tayari. Desemba nayo ina faida: jua la adhuhuri linaishia kwenye nyuzi 75 na kidogo, kwa hiyo mtaweza kulinganisha na Februari, linapofika utosini karibu saa saba mchana. Mpaka huo wa nyuzi 75 ulipimwa Afrika Kusini. Kama mbawakawa wa Usangu wanabadilisha dira pale pale au mapema, nyie ndio mtakaosema.

Mwalimu mwanafunzi wa chuo asiye na gari la kwenda Usangu achukue nzi, lakini wa kwenye ramani. Somo la saa mbili: tafuta seli moja ya E-PG, fuata matawi yake kutoka kwenye pete hadi daraja, tafuta P-EN anayekutana naye, fuata anarudi wapi, pima amehama hatua ngapi. Hakuna chupa ya ndizi inayohitajika, na baridi ya Julai haiharibu kitu.

Anayeunda roboti pia achukue nzi. Tengeneza safu ya namba nane au kumi na sita kwenye programu, ziunganishe mwisho na mwanzo, kila moja ichochee jirani zake na kuzinyamazisha za mbali. Jairo, yaani kihisi cha mzunguko, iseme roboti imegeuka kwa kasi gani na kulisukuma doa. Vihisi vinne vya mwanga vilivyotazama pande nne vilirekebishe linapopotoka. Hiyo ndiyo pete ya nzi kwa gharama ya bodi moja ndogo. Ioannis Pisokas, Heinze na Webb walilinganisha mwaka 2020 saketi ya nzi na ya nzige kwenye modeli. Kwa nzi, seli za kunyamazisha husambaa karibu sawasawa pete nzima; kwa nzige hazisambai sawasawa hivyo, na doa la nzi hufuata mageuko ya ghafla haraka zaidi. Roboti ya mezani inayokata kona kila sekunde inataka mtindo wa nzi. Ukimaliza, izime vile vihisi vya mwanga, uiache izunguke gizani, na upime inachukua dakika ngapi kabla doa halijapotoka nyuzi 30.